Mama Usikate Anakabidhi Namba

Baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne mapokezini, Mama Usikate anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28. Nimeombwa nimwandikie wasifu kwa sababu mkurugenzi ana safari, mhasibu amesema maneno si kazi yake, na mimi fundi wa viti ndiye niliyekutwa nimekaa. Basi tuvumiliane.

Kwa msiotujua, shirika letu linaazima viti vya magurudumu na magongo, bure, kwa yeyote anayehitaji. Tuko watu wanne, ghala moja, na dirisha la mapokezi lisilofunga vizuri. Mama Usikate alifika hapo akiwa na miaka thelathini na minne, kumtafutia baba yake kiti. Akakuta simu inalia na hakuna wa kuipokea. Akaipokea. Huo ndio ulikuwa usaili wake, na hajawahi kufanyiwa mwingine.

Jina lake lilitoka kwenye simu hiyo hiyo. Kila anayepiga kuuliza kama kuna kiti huambiwa asikate, naye huinuka, huenda ghalani kuangalia kwa macho yake, kisha hurudi akihema na jibu la kweli. Sisi wengine hubahatisha. Mimi nimebahatisha mara mbili, na mara zote mbili alinituma niende mwenyewe hadi nyumbani kwa watu kuomba radhi. Mara ya pili mvua ilikuwa inanyesha, na mwavuli wake alikataa kuniazima.

Sasa nifike kwenye aibu yetu. Miaka sita iliyopita laini ya ofisi ilikufa. Tovuti yetu ilikuwa imetengenezwa na mpwa wa mwenyekiti, mtu mzima na ndevu zake, aliyejitolea. Tukamwomba aweke hapo namba ya mkononi ya Mama Usikate, kwa wiki moja tu. Akaweka. Kisha akahamia ng'ambo, akapotea kabisa, na neno la siri la tovuti akaondoka nalo kichwani. Laini ya ofisi ilipona mwezi uliofuata. Namba haikubadilika, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuibadilisha.

Wiki hiyo moja imechukua miaka sita. Simu ilimfuata kwa daktari wa meno. Ilimfuata kwenye harusi ya mdogo wake. Siku ya msiba wa dada yake alitoka nje, akamweleza mtu asiyemjua namna ya kumpima mtoto kiti, magoti hadi kisigino, kisha akarudi ndani kulia. Tulikuwepo, tukaona, tukanyamaza. Naona haya kuliandika hili kwenye jarida, lakini nikiliacha nitakuwa nimeandika wasifu wa mtu mwingine.

Mumewe alimshauri anunue laini mpya. Alikataa, akasema mwenye mgonjwa kitandani akiambiwa namba haipatikani, hapigi tena. Binti yake, aliyejifungua mwaka jana na anaishi mbali, alimwambia aje kumsaidia kulea, ila hiyo simu aiache huko huko. Ndipo aliposimama kikaoni akatuambia kwamba anakwenda kwa mwanawe, na kwamba hatatubeba mfukoni.

Kwa hiyo ikabidi tuchague programu ya kutengenezea tovuti mpya. Jamani! Vikao tisa, miezi kumi. Kila mtaalamu alitujia na kompyuta yake na maneno yake, na kila mmoja alimponda aliyemtangulia. Mkurugenzi alitaka picha zinazojiendesha zenyewe. Mhasibu alitaka chai iletwe. Mama Usikate alikuwa na swali moja tu, na aliwauliza wote: namba ya simu inabadilishwa wapi? Walicheka. Akawaomba watoke nje dakika kumi na tano, akavaa miwani, akajaribu peke yake.

Programu ya kwanza ilikuwa na vitufe vingi kuliko usukani wa ndege. Alibadilisha namba ukurasa wa mbele, lakini chini kabisa ile ya zamani ikabaki, na hata mtaalamu hakujua imejificha wapi. Ya pili ilikuwa ya kupendeza kweli, unavuta vitu kwa kidole unaviweka unapotaka. Akavuta namba, ikaenda kukaa juu ya picha ya kiti, na mtandao ulipoyumba ikagoma kutoka. Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura, imekaa kama fomu ya kuomba shule. Aliandika, akahifadhi, akafungua simu yake, namba ikawa imebadilika. Dakika nne. Mkurugenzi alinung'unikia picha zake vikao viwili zaidi, kisha akachoka kama sisi wote.

Jumatatu wiki hii Mama Usikate alikaa mezani kwangu, akafungua tovuti mpya, akaifuta namba yake tarakimu moja moja, akaandika ya ofisi. Neno la siri tumeliandika na liko kwa watu watatu. Baadaye nilimwona akiitoa simu kwenye mkoba, akiitazama, akiirudisha. Mara tatu.

Jumanne laini ya ofisi ikafa tena. Namba iliyopo kwenye tovuti sasa ni yangu, kwa wiki moja tu. Mama Usikate alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanifundisha namna ya kuiondoa, akanisimamia mpaka nikaweza bila kuuliza.

Dada yetu, asante. Tumekuchosha, na tunajua tumekuchosha. Nenda kwa mwanao, mpakate mjukuu, ulale mchana bila woga, na Mungu akupe miaka mingi ya utulivu. Huku usihofu. Simu yangu imelia mara nne tangu nianze kuandika ukurasa huu, na mara zote nne nimewaambia wasikate, nikaenda ghalani kuangalia.