Nyanya Chachu za Marehemu

Kwenye basi, mbele yangu walikaa mjane na mkaza mwana wake, wakibishana wapande mbegu gani za nyanya. Kitalu chao kilitosha aina moja tu.

“Mama, tupande hizi za baba,” alisema mkaza mwana, akimpa kibahasha. “Zimekaa tangu afariki. Zikikosa msimu huu hazitaota tena.”

“Zinapasuka kabla hazijaiva, mwanangu. Na zina uchachu wa kukunja uso.”

Hoja mbili, zote nzito.

“Mbona ulikuwa unazila kila siku?”

“Alikuwa ananikatia mwenyewe, anatia chumvi, halafu anasimama pale ananitazama. Ningesemaje?”

Mkaza mwana alicheka hadi akafuta macho. “Makubwa! Baba mwenyewe nyanya hizi alikuwa hazipendi kabisa. Aliniambia, ‘Nazipanda kwa sababu mama yenu anazipenda mno.’”

Mjane alikitikisa kibahasha karibu na sikio, kana kwamba mbegu kavu zina la kuongeza.

Basi liliposimama, alitangulia kushuka. “Bado ni chachu,” alisema, na kibahasha alikuwa amekifumbata.