Sahani ya Kumi na Saba

Mheshimiwa Brigedia, mgeni wetu rasmi, uliyekubali kuketi nasi katika ukumbi huu wenye feni moja inayozunguka na mbili zinazoitazama. Mkurugenzi wa ofisi hii ya kumbukumbu pamoja na wasaidizi wako. Maafisa na askari mlio kazini. Wazee wenzangu mliokwisha kuvua magwanda lakini bado mnaamka alfajiri bila kuitwa na mtu. Wajane na watoto wa wapiganaji. Na zaidi ya wote wewe, dada yetu, unayetuaga leo: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo nampa changu.

Nimepewa dakika kumi. Mke wangu, yule pale mwenye miwani, amesema saba zinanitosha. Kwa hiyo mkimsikia anakohoa, mjue si mafua.

Kwa wasionifahamu, mimi ni sajini mstaafu, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa mwenyekiti wa chama chetu cha wapiganaji wastaafu. Nimesimama mbele yenu mara nyingi, na mmenizoea nikiwa na nishani mbili kifuani. Leo mnaiona moja. Wenye macho makali wameshaanza kunong'onezana tangu nilipoingia mlangoni. Subirini kidogo, nitafika.

Dada huyu aliingia katika masijala ya nishani akiwa binti mwenye mashine ya taipu, na leo anatoka akiwa bibi wa wajukuu wanne. Miaka thelathini na moja kwenye meza ileile, kando ya dirisha lisilofunga, na kipande cha mbao chini ya mguu mmoja wa meza ili isicheze anapopiga mhuri. Sisi wastaafu tulimbandika jina la Mama Ushahidi, na tuseme kweli, hatukumpa kwa mapenzi. Unaingia kwake umevimba, suruali umeipiga pasi mpaka mkunjo wake unaweza kukata nyanya, unaanza kumsimulia ulivyoongoza mapambano. Anakusikiliza mpaka mwisho. Hakukatizi. Kisha anaweka kalamu chini na kukuuliza swali lake lile moja: "Uliona, au ulisikia?"

Nani kati yetu hajaulizwa swali hilo? Mnacheka, lakini wengi wenu mlitoka mle ndani mkiwa wadogo kama kidonge. Koplo wetu wa mizinga aliingia na nishani tano akatoka na nne, kwa sababu ya tano ilikuwa ya mbio za kupokezana vijiti. Amenipa ruhusa niseme, na anasema mbio zenyewe walishinda kwa haki.

Ila tusiishie kwenye kucheka. Yupo hapa mama mmoja ambaye mumewe hakurudi kutoka vitani, na ofisi ikamwambia jina lake halionekani popote. Mama huyo alipanda ngazi za jengo hili mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili hakuzipanda, kwa kuwa Mama Ushahidi ndiye aliyepanda basi, akaenda kumpigia hodi nyumbani akiwa na cheti na nishani kwenye mkoba wake. Alikuwa amesoma barua za kikosi kizima, moja moja, mpaka akalipata jina. Hakumtangazia mtu. Mimi nimeambiwa na mama mwenyewe, tena akilia, na nilijivunia sana kwamba ofisi yetu ina mtu wa namna hii.

Sasa niwaeleze juu ya jalada lake la mwisho. Jalada hilo ni langu.

Mnaikumbuka habari ya daraja. Mmenisikia nikiisimulia kila mwaka hapa hapa. Mwaka ule wa vita, kikundi cha askari wa platuni yetu kilitumwa kulishika daraja kwa saa sita, wakalishika kwa siku mbili. Lori moja tu lilikuwa linavuka na kurudi, likipeleka risasi na kurudisha majeruhi, na waliobaki walilala kifudifudi kwenye zege la moto wakihesabu risasi zao. Vita vilipokwisha, ikatoka orodha ya watu kumi na saba, kila mmoja akapewa nishani ya ushujaa. Jina la kumi na saba katika orodha ile ni langu.

Mheshimiwa Brigedia, wazee wenzangu, mimi sikuwepo darajani.

Nilikuwa zahanati ya kambi, kitanda namba nne, nina malaria, natetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Mlioishi kambini mnajua desturi yetu: mwenzako akilazwa, humwambii mpishi. Unapanga foleni, unachukua sahani yako, unazunguka, unarudi mwisho wa foleni kuchukua ya mgonjwa kwa jina lake. Nusu unampelekea, nusu mnagawana. Kanuni zilikataza, na sote tulifanya. Rafiki yangu tuliyemwita Kijiko alinichukulia sahani asubuhi ile ya kuondoka. Akaniletea maharage kitandani, akanipiga bega, akaenda darajani.

Karani wa kombania alijeruhiwa siku hiyo, na makaratasi yake yote yakaungua. Vita vilipokwisha na wakubwa wakataka majina, kilichopatikana ni daftari la mpishi, alimoandika kila aliyechukua sahani katika foleni ya kikundi kile asubuhi ya kuondoka. Wakanakili walivyokuta. Kwa hiyo mgonjwa aliyekula maharage akawa shujaa. Na dereva wa lile lori, ambaye alikuwa ameazimwa kutoka kikosi cha usafiri na akila biskuti zake mwenyewe ndani ya lori, hakuandikwa popote, kwa sababu hakuwa na sahani kwetu.

Mtauliza: sajini, wewe ulijua? Nilijua. Nishani iliponifikia nilimwendea Kijiko, nikamwambia, "Bwana wee, hii si yangu." Akanijibu, "Chukua, funga mdomo. Ukisema, wataniuliza nilikuwa nachukua chakula cha nani, na nitakwenda ndani." Nikafunga mdomo kwa ajili yake. Hiyo ilikuwa sababu ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili mama yangu alishaonyesha picha yangu mtaa mzima. Baadaye nikaanza kuulizwa habari za daraja, nikawa nasimulia aliyonisimulia Kijiko, na kila mwaka nikitia chumvi kidogo. Kijiko alifariki miaka tisa iliyopita. Tangu siku tuliyomzika sikuwa nikimkinga mtu mwingine ila nafsi yangu.

Halafu akaja Breki.

Breki ni fundi wa malori, mzee mpole, mikono yake haitoki mafuta hata aoge mara ngapi. Mwaka jana, katika mkutano wetu mkuu, katika ukumbi huuhuu, alisimama nyuma kule karibu na mlango akasema, "Mwenyekiti, mimi nilikuwepo darajani. Nilikuwa naendesha lori. Sitaki makubwa, naomba jina langu liandikwe tu. Wanangu wanadhani nawadanganya."

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye meza kuu, nishani kifuani, orodha mkononi. Nikamjibu, nanyi mlinisikia: "Orodha hii hapa, na jina lako halimo. Kaa chini."

Watu wakacheka. Akakaa. Nilimwambia vile kwa sababu niliogopa. Nilijua orodha ile ikifunguliwa kwa ajili yake, itafunguka na kwangu.

Jumatatu yake Breki alikwenda masijala. Mama Ushahidi akamuuliza swali lake, naye akajibu, "Mimi nilikuwa nimeshika usukani, dada, singeweza kufumba macho." Akafungua jalada.

Nataka mjue jinsi dada huyu anavyofanya kazi, maana hapa ndipo ninapomvulia kofia. Aliitazama orodha yetu siku nzima akajiuliza: mbona haikufuata alfabeti, wala haikufuata vyeo? Luteni wetu yuko wa tisa, na wa kwanza ni askari asiye na cheo. Ofisi nzima ilikuwa imeisoma orodha ile kwa miaka thelathini na minne bila kujiuliza. Yeye, ambaye hajapata kuvaa gwanda hata siku moja, aliitazama mpaka akaona foleni. Akateremka stoo ya chini, akatafuta makasha ya jikoni ambayo hata panya walishayachoka, akatoka na daftari lenye madoa ya mchuzi. Majina yaleyale kumi na saba, kwa mpangilio uleule. Kisha akatafuta daftari la zahanati. Kitanda namba nne.

Hata hapo hakumwandika Breki. Aliwatafuta wazee watatu waliobebwa na lile lori, akamwendea kila mmoja peke yake, akawauliza jambo ambalo aliyepanda tu ndiye angelijua: mlango wa kushoto wa lori ulikuwaje? Wa kwanza akasema ulikuwa umefungwa kwa kamba ya kiatu. Wa pili akasema kamba ya kiatu. Wa tatu, ambaye siku hizi hata majina ya watoto wake yanampotea, akainua mguu wake akaonyesha kiatu.

Ndipo akaniita. Nilikwenda nikijua ninaitiwa nini, nikaja juu kabla hata sijaketi. Niligonga meza mpaka kile kipande cha mbao kikachomoka. Nikamwambia yeye ni karani tu, hajui mlio wa risasi, na daraja lile mimi nalijua jiwe kwa jiwe. Akainama, akakirudisha kipande cha mbao mahali pake, akaweka kalamu chini.

"Sajini," akasema, "uliona, au ulisikia?"

Ndugu zangu, nimewahi kupigwa risasi, na kovu ninalo. Haikuniuma kama swali lile. Akanimiminia chai, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kanuni inanipa siku tisini kutoa maelezo yangu, nisipotoa jalada litakwenda kwenye baraza. "Ningependa litoke mkononi mwako," akasema. "Jalada likienda baraza, utakuwa mtu aliyenyang'anywa. Na mimi sidhani wewe ni mtu wa kunyang'anywa."

Siku themanini na nane nilizunguka na jambo lile. Chakula hakipiti, usingizi hauji, kila mtu namjibu mkato. Mwishowe nikamweleza mke wangu. Nilitarajia alie. Akanitazama hivi, juu ya miwani, akasema, "Miaka yote hii naupiga pasi utepe wa nishani ile, na kila nikiupiga pasi wewe unatoka chumbani. Ulidhani sioni? Mimi niliolewa na sajini, baba, sikuolewa na nishani. Nenda kaandike."

Hajakohoa bado. Amekwisha kunisamehe dakika tatu.

Nikaenda, nikaandika ukurasa mmoja. Nilitaka kumpelekea Breki ile nishani kwa mkono wangu, nimvike mwenyewe, lakini Mama Ushahidi akanikatalia katakata: nishani haipitishwi mkono kwa mkono kama kiberiti, inarudi ofisini, na anayestahili anapewa yake mpya, yenye jina lake. Nikatia saini, akapiga mhuri, na ule ukawa mhuri wake wa mwisho katika utumishi wake. Kwa hiyo orodha ya daraja bado ina watu kumi na saba. Sasa wote walikuwepo.

Uenyekiti nimeurudisha kwa wanachama, na waamue wenyewe. Kifuani imebaki hii moja, ya utumishi wa muda mrefu na mwenendo mwema, na juu ya huo mwenendo mwema tunaweza kubishana baadaye nikiwa na nguvu. Utepe wake umefifia, lakini kila uzi wake ni wangu. Sijawahi kuona fahari kama ninayoiona leo: fahari ya kikosi chetu, ambacho ushujaa wake hauhitaji chumvi yangu, na fahari ya ofisi hii, iliyokuwa na mwanamke aliyetuheshimu kiasi cha kutotuamini hivi hivi.

Dada yetu, pumzika vizuri. Wajukuu wako nawaonea huruma. Hakuna hata mmoja atakayefaulu kukudanganya kwamba amepiga mswaki. Kwa niaba ya sisi sote uliotuuliza, na hasa kwa niaba yangu, nakushukuru kwa kuniuliza, na kwa kuningoja nijibu.

Mheshimiwa Brigedia, naona kisanduku kidogo kiko mezani mbele yako. Kabla hujakifungua, nina neno moja na mtu mmoja. Najua ameketi kule nyuma karibu na mlango, kwa sababu wanawe watatu wamemziba asitoroke.

Breki, ndugu yangu. Kutoka kwenye meza hii, mbele ya watu hawahawa, nilikwambia ukae chini. Nawashukuru nyote mlionisikiliza siku ile, na ninyi mnaonisikiliza leo, maana leo nasema nilichokiona kwa macho yangu.

Dereva wa daraja, simama. Mimi ndiye ninayekaa.