Kompyuta Inayoulizia Dawa

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Sindano, mshona viatu, na kahawa inatoka kwenye birika lake. Asubuhi hiyo nilikuja na kompyuta yangu mkobani, nikatoa lalamiko. Tangu mke wangu alazwe, na sasa ni miezi minne tangu nimzike, kila nikiandika nywila karatasi ya njano inajitokeza kwenye kioo bila kuitwa: “Mzee wangu, kula kwanza. Halafu dawa ya presha.” Naifunga, naendelea na kazi.

— Umeingiliwa, — alisema Wakili, ambaye sheria hakuisomea popote. — Kuna mtu anakuchungulia.

— Amchungulie mzee wa watu anasahihisha insha? — Sindano alicheka. — Mashine inazoea mkono, bwana. Cherehani yangu asipoigusa mama watoto inakata uzi siku nzima.

— Basi hiyo cherehani ina akili kukuzidi.

Tarakimu, fundi wa kompyuta, alikuwa ameipakata yangu.

— Tulieni. Kuna folda ya kuanzia. Programu yoyote ukiiwekea njia ya mkato humo, inafunguka yenyewe mtu akishaingia. Shemeji ameweka kumbusho.

— Shemeji yupi? Yule aliyekuwa ananiita nimpunguzie mwanga wa simu?

— Huyo huyo, Wakili. Na tazama: kuna folda ya watumiaji wote, na kila mtu ana yake. Ameliweka kwenye ya mzee tu. Akiingia mwingine, kimya. Hapo mafundi kibao wanachemsha.

— Aliliweka lini? — niliuliza.

— Tarehe sita, saa nne asubuhi.

Tarehe saba, kesho yake, ndipo nilipompeleka hospitali.

Wakili alivua kofia.

— Yule mama alikuwa kiboko.

— Nikiiondoa hii njia ya mkato, kesho hutasumbuliwa, — alisema Tarakimu. — Niiondoe, mzee?

Dada mmoja, mgeni hapo, alikuwa akisubiri kiatu chake, mguu mmoja peku.

— Samahani, baba. Na dawa yenyewe unameza?

Sindano aliacha uzi katikati.

Niliichukua kompyuta mapajani kwa Tarakimu, nikaifunga.

— Iache, — nilimwambia.

Nikaenda nyumbani, kula kwanza.