Chaza Niliowala Peke Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Walio nyuma nao waitike, maana mimi ninayesimama hapa niliachwa njiani, papa hapa Waithaka, nikikata roho mchana kweupe.

Kabla ya kuokoka nilikuwa mlevi wa kutajwa, mnajua. Bwana akanitoa huko, nikapata kazi ya upishi Lavington. Mwaka mmoja tajiri wangu akaenda likizo pwani na familia, nikafuatana nao. Siku ya mwisho nikashuka kwenye mawe kuokota chaza, kwa kujifurahisha tu, nikajaza debe. Wenyeji hawakuwa wakiokota. Badala ya kuuliza kwa nini, nikasema Mungu ameniwekea mimi!

Nikarudi na chaza wangu kwa treni, wamefunikwa gunia bichi. Nikawachemsha sana, kwa muda mrefu, nikaalika ndugu wa ushirika. Nilitamani sana kula na watu! Chumba changu kilikuwa kimya hata nilizoea kuongea na sufuria. Hakuja mtu. Walisema hawali konokono. Basi nikala mwenyewe.

Midomo ikaanza kuchonyota, kisha ikafa ganzi. Vidole navyo. Nikatoka nje kutafuta msaada nikiyumba, ulimi mzito, nikaanguka. Ndugu wawili wa ushirika wetu wakapita. Wakatikisa vichwa, wakasema nimerudia chang'aa. Nilitaka kuwaambia sijaonja hata tone, mdomo ukakataa. Nikalia moyoni: Yesu, wewe unajua!

Ndipo akaja Mama Mutinda, muuza mboga za sukuma, ambaye hata si wa kanisa letu. Akainama akaninusa mdomo.

"Huyu hajalewa," akasema. "Huyu anakufa."

Akasimamisha pikapu ya maziwa, nikafikishwa hospitali pumzi ikikatika. Mashine ikanipumulia mpaka sumu ikaisha mwilini. Daktari alisema chaza huipata sumu hiyo baharini. Haina harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo ukienda kuokota, uliza wenyeji kwanza. Wakiwa wameacha, acha. Na midomo ikifa ganzi, usingoje kupona, kimbia hospitali.

Namshukuru Mungu aliyeniona! Wewe unayedhaniwa vibaya, huna wa kukutetea, mtumaini yeye.

Wale ndugu wawili wamo humu. Nimewasamehe kabisa. Leo nimepika maharagwe, ndugu zangu. Njooni tule.