Mama Povu, Dereva wa Zimamoto ya Uwanja wa Ndege

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Mama Povu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, baba akiwa dereva wa lori na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1976 na sekondari mwaka 1980, na kila likizo alikuwa ndani ya lori la baba, akijifunza kubadili gia kabla miguu haijafika vizuri kwenye pedali.

Mwaka 1983 aliajiriwa katika kikosi cha zimamoto cha uwanja wa ndege, akawekwa chumba cha simu, kwa kuwa wakubwa wa wakati ule waliona gari lile si la mwanamke. Kwa wasiolifahamu, gari hilo si kama yale ya mjini: magurudumu yake yanamfikia mtu kifuani, linabeba maji na dawa ya povu lake lenyewe, na bomba lake liko juu ya paa, dereva analielekeza akiwa ndani, hata gari likiwa linakwenda, kwa sababu ndege inayowaka haimsubiri mtu ashuke akunjue mipira ya maji. Dada aliomba kujaribiwa, akakataliwa, akaomba tena na tena, hadi mkuu wa kikosi, akiwa amechoka, akamwambia, "Haya, panda, ukigonga kitu usiniletee machozi." Hakugonga kitu, na tarehe 1 Februari 1988 akakabidhiwa usukani.

Hapo kituoni ndipo alipompata shemeji yetu, fundi wa breki, wakafunga ndoa tarehe 22 Septemba 1990, na shemeji mwenyewe anakiri kwamba alikuwa akichelewesha matengenezo makusudi, ili dereva aendelee kuja kumgombeza. Walijaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana, wote wako hapa mbele yenu.

Mchana wa tarehe 17 Agosti 2001, ndege iliyojaa abiria ilitua gurudumu moja likiwa limegoma kufunguka, ikaburuza bawa, mafuta yakashika moto. Dada alifika wa kwanza akaanza kumwaga povu, lakini upepo ukageuka, moshi ukafunika kioo, na mkuu, aliyekuwa upande wa pili, akamwamuru kwa redio arudi nyuma. Yeye alikuwa amekwisha kuona mlango umefunguliwa na watu wanateremka kwa mtelezo wa dharura, wakiangukia karibu kabisa na mafuta yaliyokuwa yanatambaa, akajibu, "Afande, nikirudi hawa wanaungua," akasogea mbele, akaliweka gari kati ya moto na watu, akamwaga povu mpaka njia yao ikawa nyeupe, wakatoka wote, rubani akiwa wa mwisho. Ubavu mzima wa gari ulibabuka rangi. Abiria mmoja, yeye na mtoto wake mgongoni weupe pepepe, alimkumbatia akisema, "Asante, mama povu," maana jina hakulijua, na jina likamganda. Jioni tulipomuuliza kama aliogopa, alisema, "Niliogopa sana, ila mikono ilikuwa na kazi."

Alistaafu mwaka 2017, akiwa amewafundisha madereva wengi, wakiwemo wanawake wanne walio kwenye usukani ule hadi sasa. Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2022, akalazwa tarehe 3 Mei 2023, na alfajiri ya tarehe 11 Mei akatutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia na kulala nasi chini, na wenzake wa kikosi waliobeba jeneza. Wenzake hao walituomba radhi kwamba gari lake halikuweza kuja kumsindikiza, kwa kuwa ndege zinatua na haliruhusiwi kuondoka uwanjani. Ndugu zangu, msituombe radhi. Lingekuja, dada angeinuka kulifukuza.

Dada, watu wako salama. Pumzika kwa amani.