Dereva Vincent Murithi na Kidonge cha Chini ya Kiti

Vincent Murithi, tunayemzika leo hapa Chogoria, alizaliwa tarehe 4 Juni 1948, mtoto wa tatu wa Mzee Mbaabu na Mama Kanyua, akasoma papa hapa nyumbani hadi darasa la saba, kisha akajifunza udereva Meru mjini, na mwaka 1971 akaajiriwa na serikali, kazi iliyomfikisha Garissa mwaka 1979, akaizoea nchi ile ya jua kali na watu wake hata akakataa uhamisho mara mbili.

Alifunga ndoa na Mwikali tarehe 14 Desemba 1974 kule Machakos, Mungu akawajalia Abigael na Mutwiri.

Mwaka 1993 miguu ilianza kuvimba, pumzi ikawa inamkatika, daktari akamwambia moyo umechoka, kwamba atameza dawa maisha yake yote, mojawapo ikiwa ya kutoa maji mwilini. Vincent, ambaye hakuwa amelazwa hata siku moja, alilisikia neno hilo kama hukumu, lakini alimeza, mpaka siku moja ya Machi 1994, akitoka Hadado, kule Wajir, katika msafara wa kusindikizwa na askari, ambapo kusimamisha gari moja ni kuwasimamisha wote porini, aliona haya kuomba wasimame, akajikojolea akiwa ameshika usukani, mbele ya maafisa vijana wa kumwita baba, nao wakageukia dirishani wasiseme neno, na kimya kile kilimchoma kuliko kicheko.

Tangu hapo, kila siku ya safari alikificha kidonge cha kutoa maji chini ya kiti cha gari, na Mwikali akimuuliza, "Baba Abigael, umemeza dawa?" alijibu, "Nimemeza," na daktari alipomuuliza, alimjibu vivyo hivyo. Diriye, fundi wa visima aliyesafiri naye, alivikuta vidonge, asimlaumu, akamwambia, "Mzee, wewe meza tu. Ukibanwa, wallahi, mimi nitaambia askari ni mimi nataka kojoa. Mimi hapana ona haya." Ikawa hivyo kwa miaka miwili, miguu ikanywea, Vincent akarudia hata kucheka.

Mwaka 1996 Diriye alihamishiwa Takaba, Vincent akashindwa kumweleza mwenzake mpya, akaanza tena kuficha. Novemba mwaka huu wa 1998 alilazwa, maji yamejaa hadi tumboni, na hapo, uso ameuelekeza ukutani, akamwambia daktari ukweli wote. Daktari akasema, "Kumbe ni hilo, Mzee Murithi? Siku za safari ungekimeza ukishafika." Vincent alilia, akamwomba Mwikali haya yasomwe mbele ya watu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza kuyasema. Alifariki Jumapili, tarehe 22 Novemba 1998.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Garissa waliotulisha na kutuombea ingawa dini zetu ni mbili, wafanyakazi wenzake, na Diriye, aliyefika jana kutoka Takaba, ambaye baada ya kuelezwa yote aliuliza tu kwa nini hakuitwa mzee angali hai, na sisi sote tukainamisha vichwa.

Vincent, Mungu akupe pumziko, na amani yake iwe juu yako.