Mkate wa Watu Arobaini

Mwaka juzi, siku ya mtakatifu wa ukoo wake, Radiša alifunga nyumba akaenda baharini na marafiki. Kwetu Serbia siku hiyo mgeni haalikwi. Anaijua tarehe, anakuja, na mwenye nyumba humpokea mlangoni.

Haya alimweleza mama mmoja kwenye basi la kwenda mji wa Užice, aliyemuuliza kuhusu mkate wa sikukuu wenye msalaba aliokuwa ameupakata; siku hiyo ilikuwa imefika tena. Mimi nilikaa nyuma yao, na mama yule hakujua kunong'ona.

"Walipiga honi nje," alisema Radiša. "Wakaniambia, panda, kesho tunakula samaki Ugiriki. Nikapanda na ndala zangu."

"Na wageni, mwanangu?"

"Nilidhani watanielewa. Safari moja tu, mama."

"Baba yako yuko hai?"

"Yupo. Siku ile alishuka kutoka mlimani na mshumaa wa kuwasha kwa mtakatifu. Alisimama na majirani kwenye theluji mpaka giza likaingia."

"Basi ulimfungia baba yako mlango mbele ya watu."

"Mtu hawezi kuishi maisha yake yote akingoja wageni."

"Na huo mkate unampelekea nani?"

Mkate ulikuwa mkubwa kama usukani wa basi.

"Hao wa baharini watakuja?"

"Wamekwenda Ugiriki tena."

Basi lilisimama kituoni kwake. Akainuka, mkate kifuani.

"Zamani walikuja watu arobaini," alisema. "Mwaka jana alikuja kasisi, kwa sababu ni kazi yake. Baba hakuja."